Maswali ya wasomaji: Lembata, kisiwa ambako nyama ya nyangumi hununua mahindi

Mwezi uliopita tuliweka habari fupi kuhusu gulio la Wulandoni, kule kisiwa cha Lembata nchini Indonesia, ambako akina mama wa pwani wanaleta samaki na nyama kavu ya nyangumi, akina mama wa milimani wanaleta mahindi na ndizi, wanabadilishana bila kushika hela. Barua zimemiminika, upande wa wasap ndo usiseme. Zilizofanana nimeziunga pamoja, ndefu nimezikata kata kidogo, mtanisamehe.

Shikamoo mhariri. Mi nauza samaki wakavu hapa Mtwara, ukikosa mia mbili hupati hata nyanya. Sasa hao wenzetu soko lao bila hela linaendaje zama hizi? Bei anapanga nani? Na hiyo Lembata iko upande gani maana kwenye ramani nimeitafuta mpaka nimechoka. (Mama muuza samaki, Mtwara)

Marahaba mama. Anzia Bali, ile inayojulikana, halafu nenda mashariki, utapita Lombok, utapita Sumbawa, utapita Flores kisiwa kile kirefu, na ukimaliza Flores kuna visiwa vitatu vimefuatana, Solor, Adonara na Lembata. Ramani za zamani zinakiita Lomblen, pengine ndo maana umekikosa. Ni wilaya nzima inayojitegemea tangu 1999, zamani ilikuwa chini ya Flores Mashariki, makao yake makuu ni mji wa Lewoleba na mkoa wao ni Nusa Tenggara Timur. Sensa ya 2020 iliwakuta watu kama 135,000 hivi.

Sasa gulio. Linakuwa Jumamosi, pale Wulandoni, pwani ya kusini. Asubuhi watu wanafika na mizigo kichwani, wanapanga vitu chini, wanasalimiana, wanazunguka kuangalia nani kaleta nini, ila kubadilishana bado. Kuna msimamizi anapita kukusanya ushuru, akishamaliza anapuliza filimbi na hapo ndo kazi inaanza, na mama yangu ikianza inakwenda mbio kwelikweli. Hesabu yao ni ya sita sita. Kipande cha nyama kavu au samaki kinakwenda kwa mahindi sita au kumi na mbili, ndizi vivyo hivyo, inategemea ukubwa wa kipande na mnavyoelewana. Mihogo, mbogamboga, popoo na tambuu vinashuka kutoka mlimani, huku pwani inatoa samaki, nyama, chumvi na chokaa ya kutafunia tambuu. Bei hapangi mtu mmoja, wamerithi kutoka kwa bibi zao na kila mtu anaijua kabla hajatoka nyumbani.

Na sio Jumamosi tu. Siku nyingine akina mama wa kijiji cha Lamalera wanaamka alfajiri, wanajitwisha nyama, wanapanda mlima nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, na jioni wanashuka na mahindi. Safari hizo wanaziita penetang. Lamalera yenyewe imejengwa juu ya miamba, mteremko mkali, shamba la kulima la maana hakuna, na wa mlimani nao bahari hawaiwezi, kwahiyo kila upande unakula kwa mkono wa mwenzake na wanajua hivyo. Kuna familia za mlimani na za pwani zimebadilishana vizazi na vizazi mpaka zimekuwa kama ndugu.

Hela ipo jamani, msije mkadhani hawaijui. Ada ya shule inataka rupia, mafuta ya injini yanataka rupia, vocha ya simu ndo kabisa. Ila chakula cha kila siku kwa sehemu kubwa hakijaingizwa humo, na mimi naona wana akili nyingi sana, maana mahindi kumi na mbili hayajali dola imepanda au imeshuka.

Mimi ni mvuvi wa zamani, Kilwa Kivinje. Nimesikia eti hao jamaa wanaua nyangumi kwa dau la tanga na mtu anaruka nalo chusa mkononi. Bahari naijua, papa nawajua, hilo sijaliamini. Nieleze vizuri dau lenyewe likoje. (Mzee wa Kilwa)

Shikamoo mzee. Amini, ni kweli tupu, na nitakueleza taratibu kwa sababu wewe ndo utanielewa kuliko wengi.

Dau la hao watu wa Lamalera kwa lugha yao linaitwa tena. Urefu kama mita kumi na kitu, mbao zimeungwa kwa vigingi vya mti na kufungwa kwa kamba, msumari haumo. Fundi hachori popote, umbo analo kichwani kama alivyolirithi, na haruhusiwi kuongeza mtindo wake, kila ubao una nafasi yake aliyoiacha babu. Watu wa Lamu waliokuwa na mitepe, ile iliyoshonwa kwa kamba za nazi, hapa wangekaa na kuzungumza na hao mafundi usiku kucha. Mlingoti una miguu miwili, tanga limesukwa kwa majani ya mwaa wa kwao, limefumwa vipande vipande kisha likaungwa, la mstatili. Dau lina jina, na likichakaa linajengwa upya na jina linabaki lile lile, yani watu wanakufa, mbao zinaoza, chombo kinaendelea.

Omo ina jukwaa la mianzi limetokeza mbele juu ya maji. Anayesimama pale anaitwa lamafa, mpiga chusa. Chuma cha chusa kimechomekwa kwenye mwanzi mrefu, kimefungwa kamba, na kamba kuu si kamba ya kuacha ufukweni, inahifadhiwa kwenye nyumba kubwa ya ukoo pamoja na mambo mengine ya heshima. Dau likimfikia mnyama, tanga linashushwa, wanapiga makasia, na lamafa anaruka mzima mzima na mwanzi wake, uzito wa mwili wake wote unaingia kwenye chuma, kisha anaogelea kurudi chomboni na kazi ndo kwanza imeanza. Nyangumi wanayemwinda ni yule wa kichwa kikubwa cha mraba mwenye meno, wao wanamwita kotaklema. Akishapigwa anavuta. Anaweza kuvuta saa nyingi, anaweza kupiga mkia akavunja mbao, anaweza kuzama na kamba yote. Mwaka 1994 madau yalivutwa mbali mno kuelekea Timor, vyombo vikapotea, na baadhi ya mabaharia waliokolewa na meli ya watalii iliyowakuta huko nje. Kwahiyo mzee, hawa watu wanajua wanachokiendea.

Nyangumi bluu hawamgusi. Wanasema aliwaokoa wazee wao zamani, na deni hilo linaheshimiwa mpaka leo.

Msimu wao ni Mei mpaka Oktoba, wanauita lefa. Kabla haujafunguliwa, wazee wa ukoo wa Wujon, ambao ndo wenye ardhi, wanapanda kwenye jiwe lenye umbo la nyangumi kule mlimani kufanya mila ya kuita, halafu tarehe 1 Mei inasomwa misa ufukweni, padri anabariki madau kwa maji, na chombo cha kwanza kinaingia baharini. Wamekuwa Wakatoliki kwa zaidi ya miaka mia na mila hawakuitupa, vyote viwili vinasimama ufukweni pamoja. Nje ya msimu nako, mtu akiona moshi wa maji ukiruka kule nje anapiga kelele "Baleo!", sauti inapokelewa nyumba hadi nyumba na wanaume wanaacha walichonacho.

Jambo moja nimelipenda sana. Ugomvi wa nyumbani unahesabika kuwa hatari ya baharini. Mabaharia wakitoka wakarudi mikono mitupu mara kwa mara, au chusa ikakataa kushika, wanakaa chini kuulizana nani kagombana na mkewe, nani kamdhulumu ndugu yake, na mpaka lisuluhishwe hawana raha ya kutoka tena. Mke wa lamafa naye ana miiko yake akiwa nchi kavu, yani nyumba nzima inakuwa imeingia baharini.

Siku hizi kuna boti za mota, wanaziita jonson. Zimeingia kwa nguvu kuanzia miaka ya 2000 na mara nyingi ndo zinavuta madau ya tena mpaka karibu na nyangumi. Wapo wazee wanaoumia na hilo. Kwa samaki wadogo mota ndo inatumika, kwa nyangumi bado lamafa anaruka.

Nyangumi mmoja ni nyama ya kijiji kizima. Je anayeua si ndo anatajirika? Na wajane ambao hawana mwanaume wa kuingia baharini wanakula nini? (Msomaji wa kike, Tanga)

Dada yangu, hapa umeuliza swali ambalo kwangu ndo kiini cha kisiwa chote.

Mnyama akifika ufukweni hakatwi hovyo. Kila sehemu ya mwili ina mwenyewe kabla hajauawa. Dau ni mali ya kundi la jamaa wa ukoo, wao wana sehemu yao. Mabaharia waliokuwa chomboni wana sehemu. Lamafa ana yake. Fundi aliyejenga dau ana yake hata kama hakuingia baharini siku hiyo, mhunzi aliyefua chusa ana yake, waliotengeneza tanga wana yao, na wenye ardhi, wale wa jiwe la mlimani, wanapelekewa ya kwao. Kisu kinafuata mistari ambayo kila mtu anaijua, wakubwa wanasimama kuangalia. Halafu kila aliyepata naye anagawa, kwa mama mkwe, kwa dada aliyeolewa, kwa jirani, nyama inaendelea kutawanyika mpaka imefika nyumba ambayo haina mtu baharini. Wajane na yatima wenyewe wanawataja kuwa ndo sababu ya kuwinda, ukimuuliza mtu wa Lamalera kwa nini mnaingia baharini hilo ni kati ya majibu ya mwanzo kabisa.

Na mjane hakai kusubiri kuletewa. Akipata vipande vyake anavikausha juani kwenye vichanja vya mianzi, mafuta yanachuruzika yanakingwa, yalikuwa yanawasha taa na bado yana kazi, kisha nyama kavu anaibeba mlimani kuitafutia mahindi. Yani mwanaume analeta nyama, lakini anayeigeuza kuwa chakula cha miezi ijayo ni mwanamke. Mahindi yenyewe ndo msingi wa chakula, kuna aina wanaiita jagung titi, punje zinakaangwa kwenye chungu cha udongo halafu moja moja, zikiwa bado za moto, zinapondwa kati ya mawe mawili mpaka ziwe bapa kama chapati ndogo ndogo. Mkono unaochota punje kwenye chungu hauna kinga yoyote. Hiyo ni kazi ya akina mama, kila siku. Mboga inayopikwa sana ni majani ya mlonge, huo huo tunaoujua sisi.

Nyangumi wanalindwa dunia nzima. Kwa nini tunawasifia watu wanaowaua? Nawaomba msitetee kila kitu kwa jina la mila. (Mwanafunzi wa mazingira, Morogoro)

Swali lako nalichukulia kwa uzito mwanangu, na msimamo wangu nitausema wazi.

Marufuku ya dunia iliyoanza kufanya kazi 1986 inahusu uwindaji wa biashara. Indonesia si mwanachama wa tume ya kimataifa ya nyangumi, na Lamalera hawauzi nyangumi nje, wanamla na wanambadilisha na chakula kwa majirani. Idadi inapanda na kushuka sana, kuna mwaka mzuri na kuna mwaka wanapata wawili watatu tu. Waliommaliza nyangumi baharini ni meli za viwanda za karne iliyopita, zile zilizokuwa zinachemsha mafuta ya maelfu kwa maelfu ya wanyama, na bado mzigo wa lawama naona anatwishwa mtu wa mwanzi na chusa.

Miaka ya 1970 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa lilipeleka mtaalamu wa Kinorwe na boti ya mashine kuwafundisha uwindaji wa kisasa. Mradi haukudumu, wakarudi kwenye madau yao ya tena. Mwaka 2009 serikali ilipotangaza hifadhi ya bahari ya Savu, Lamalera walipinga kwa nguvu na maji yao yakaachwa nje ya mipaka. Kwahiyo wameambiwa waue zaidi, wameambiwa waache kabisa, na mara zote mbili aliyesema hakuwa mtu wa pale.

Lakini sisemi kila kitu ni salama, na hapa nakubaliana na wewe nusu. Tazama kijiji kinachoitwa Lamakera, kiko kisiwa cha jirani cha Solor, majina yanafanana ila ni watu wengine. Kule walikuwa wanawinda samaki wanaoitwa taa, wale wakubwa wenye mabawa kama shuka, tangu enzi na enzi. Ikaja biashara ya matamvua ya taa kupelekwa China kwa dawa, bei ikapanda, mota zikaongezeka, na taa wakapungua vibaya. Mwaka 2014 Indonesia ikapiga marufuku kuwagusa popote nchini. Mila ilikuwepo miaka yote hiyo na taa walikuwepo, kilichowamaliza ni mnunuzi asiyeshiba. Nyama inayogawiwa ina mwisho, kijiji kikishashiba watu wanalala. Matamvua yanayosafirishwa hayana mwisho. Ndo maana mimi nikiambiwa Lamalera ni tatizo nauliza kwanza, je, wameanza kuuza nje? Siku wakianza kuuza nje nitaandika tofauti.

Na usisahau kwamba Lembata hiyo hiyo ina mila ya kufunga bahari. Inaitwa muro. Upande wa kaskazini, vijiji vya Ile Ape na jirani zake wanatenga sehemu ya mwamba, hapavuliwi mpaka wazee wafungue kwa utaratibu wao, wakifungua watu wote wanaingia siku maalum, kisha panafungwa tena. Ilikuwa imelegea, siku hizi imefufuliwa na ina nguvu ya kanuni za kijiji pia. Wewe uko kwenye fani hiyo, ilinganishe na tengefu ya Kuruwitu kule Kilifi au kufunga pweza Kizimkazi, utapata kitu kizuri cha kuandikia.

Asalaam aleikum. Indonesia ni nchi ya Waislamu wengi kuliko zote, mbona mnazungumza mapadri tu? (Msomaji, Unguja)

Waaleikum salaam. Ni kweli, ila mkoa ule wa Nusa Tenggara Timur ni wa Wakristo wengi, na Lembata wengi ni Wakatoliki. Waislamu wapo, na si wageni, wana vijiji vyao pwani na mjini Lewoleba, wakiwemo Wabajo, wale watu wa bahari wanaojenga nyumba juu ya maji. Upande wa mashariki kuna Wakedang, lugha yao ni nyingine kabisa tofauti na Kilamaholot kinachozungumzwa sehemu kubwa ya kisiwa, na huko ukoo mmoja unaweza ukawa na Waislamu na Wakatoliki, kaka anaenda msikitini mdogo wake kanisani, wakifiwa wanazikana, kwenye sherehe wanahakikisha kila mtu ana chakula anachoweza kula. Undugu wa damu na wa kuoana umetangulia mbele ya yote na wanaulinda.

Naoa mwakani, nimetajiwa mahari mpaka kichwa kinauma. Nasikia Lembata wanalipa pembe za ndovu!! Tembo wametoka wapi kisiwani? (Kijana, Songea)

Tembo hawapo na hawajawahi kuwindwa pale, pembe zililetwa na wafanyabiashara wa baharini karne nyingi nyuma na zikabaki. Kwa Walamaholot wote, kuanzia Flores Mashariki, Adonara mpaka Lembata, pembe ndo mahari yenyewe, na urefu wake unapimwa kwa mwili wa mtu, ncha ya vidole mpaka kiwiko, mpaka bega, mpaka katikati ya kifua na kuendelea. Kadiri inavyozidi ndivyo heshima inavyozidi. Pembe haikai kabatini milele, leo imekuja kwako kwa ajili ya dada yako, kesho itatoka kwa ajili ya mke wa mtoto wako. Koo zimepangwa, huu unautolea ule mabinti, ule unautolea mwingine, na ule mwingine unarudisha kwa huu wa kwanza, hairuhusiwi kugeuza mkondo.

Halafu sikiliza hili bwana harusi, upande wa mwanamke nao wanatoa. Wanatoa nguo za kufuma, kewatek, na hizo nguo zisikuponyoke hivi hivi. Pamba inasokotwa uzi kwa mkono, nyuzi zinafungwa mafundo mafundo kufuata mchoro kabla hazijafumwa, zinachovywa kwenye nili, zinakaushwa, zinafungwa upya, zinachovywa kwenye rangi nyekundu ya mizizi ya mti wanaouita mengkudu, na ndipo zinapandishwa kwenye kitanda cha mfumi ambacho mama anakikaza kwa mgongo wake mwenyewe. Nguo moja nzuri inakula miezi, ikiwa ya rangi za asili tupu inaweza kupita mwaka. Kule Lamalera utakuta wamefuma madau na samaki taa kwenye nguo. Kwahiyo wakati pembe inakuja mlango huu, mwaka mzima wa kazi ya mama mkwe unatoka mlango ule.

Pembe zimekuwa adimu na ghali, familia nyingi zinahangaika, na wapo vijana wanaosafiri kwenda kufanya kazi mbali ili wakamilishe. Hilo la kichwa kuuma basi hauko peke yako. Kaa na wazee wa pande zote mbili, uwaambie ukweli wa mfuko wako mapema, usiingie kwenye mikopo ya siku thelathini kwa ajili ya sherehe.

Jambo sana. Siye watu wa Goma tunaishi chini ya Nyiragongo, 2021 tulikimbia usiku na watoto. Nilisoma kama kule Lembata pia kuko volkano. Wanafanya aje? Wanahama ao wanabaki? (Msomaji, Goma)

Pole sana ndugu yangu, na wao mwaka huo huo walikuwa wanalia.

Mlima wao unaitwa Lewotolok, au Ile Ape, uko kaskazini kwenye rasi iliyotokeza baharini na vijiji vimeuzunguka chini yake. Tarehe 29 Novemba 2020 ulilipuka, moshi ukapanda, maelfu wakakimbilia Lewoleba. Hawajakaa sawa, usiku wa kuamkia tarehe 4 Aprili 2021 kikaja kimbunga Seroja, mvua ikateremsha mawe na majivu yaliyokuwa yamelala mlimani, yakapita juu ya vijiji watu wakiwa wamelala. Wengi walikufa Ile Ape, wengine hawakuonekana tena. Na wazee wa kusini bado wanakumbuka Julai 1979, mlima uliporomokea baharini pale Waiteba ukanyanyua wimbi lililoua mamia ya watu.

Unaniuliza wanahama au wanabaki. Vyote viwili. Baada ya Seroja serikali ilijenga nyumba mpya mbali na njia ya mafuriko, familia zimehamia, lakini mashamba yako mlimani, makaburi yako mlimani, na nyumba za ukoo ziko mlimani. Kwenye mteremko wa Lewotolok kuna vijiji vya kale ambavyo hakuna anayeishi siku za kawaida, nyumba za mila tu zimesimama, na kila mwaka baada ya mavuno watu wanapanda kwa sherehe ya kunde, wenyewe kwa Kiindonesia wanaiita Pesta Kacang. Wanakuja mpaka waliohamia visiwa vingine, wanapika maharage na kunde mpya, wanawalisha wazee waliotangulia kabla hawajala wao. Mtu wa namna hiyo ukimwambia hama, anaelewa hatari kuliko wewe unayemwambia, na bado kuna kitu lazima akirudie. Nadhani Goma mnalijua hili vizuri zaidi yangu.

Dada/kaka mhariri, mie niko Maskati nafanya kazi za ndani, nyumbani ni Muheza. Kwenye nyumba ya jirani kuna binti wa Kiindonesia anasema kwao ni visiwa vya karibu na Flores, kijiji kizima wamesafiri. Ni kweli au anatia chumvi? (Msomaji, Maskati)

Hatii chumvi. Flores, Adonara na Lembata wanasafiri kutafuta maisha tangu zamani, kwa Kiindonesia wanaita merantau, na wengi wao njia yao ni Sabah, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo, kwenye mashamba ya michikichi. Wanapitia Nunukan, mpakani upande wa Indonesia, kuvukia Tawau kule Sabah, na wengi walikuwa wanavuka bila karatasi. Mwaka 2002 Malaysia ilipokaza sheria, maelfu kwa maelfu walirudishwa wakarundikana Nunukan bila maji wala vyoo vya kutosha, na watu walikufa pale kwa magonjwa. Indonesia nzima ilishtuka.

Wanaobaki nyumbani ni wanawake. Kuna mume anatuma hela kila mwezi, na kuna mume aliyeoa huko huko akasahau, mke yuko kijijini si mjane na si mwenye mume, watoto wanataka kula. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikaanzishwa chama kinaitwa PEKKA kwa ajili ya wanawake wanaoongoza familia wenyewe, na kati ya sehemu zake za mwanzo ni hizo hizo Lembata na Adonara. Wanaweka akiba kwa vikundi, wanakopeshana, wanasaidiana kupata vyeti vya kuzaliwa vya watoto na talaka za kisheria ili mwanamke atambulike kuwa kichwa cha nyumba. Kwetu tungesema vikoba, ila na msaada wa sheria ndani yake. Mwambie huyo binti nimemsalimia, na wewe dada yangu pasi yako ya kusafiria na nakala ya mkataba viwe mahali unapoweza kuvifikia mwenyewe, na namba ya ubalozi wetu hapo Maskati uiandike pembeni, sio kwenye simu tu.

Nikitaka kufika Lamalera napita wapi na niende lini? (Msomaji, Nairobi)

Fika Jakarta au Bali, panda ndege ya ndani mpaka Kupang, kutoka Kupang kuna ndege ndogo za kwenda Lewoleba, au pitia Larantuka mwisho wa Flores halafu uchukue boti, ni safari ya saa kadhaa ikipitia kwenye milango ya visiwa. Kutoka Lewoleba kwenda Lamalera barabara ni ya milima na inachosha, tafuta gari asubuhi. Mwisho wa Aprili mpaka mwanzo wa Mei utakuta mila na misa ya kufungua msimu. Ukifika jitambulishe kwa mkuu wa kijiji, ulale kwenye nyumba za wenyeji wanaopokea wageni, uombe ruhusa kabla ya kupiga picha au kupanda chombo, na kama wanaume wako baharini usipite kwenye ufukwe wa madau ukipiga kelele. Jumamosi nenda Wulandoni mapema, kabla ya filimbi.